TAMKO LA TAWI: MALORI YANAYOLALA NJIA PANDA YA KITAI

Ndugu wanachama na wapenzi wa chama chetu hapa Kitai,



Wiki nzima hii simu ya Katibu haikupumzika. Jambo ni moja tu: malori ya makaa ya mawe yanayolala njia panda. Mwanachama mmoja ameandika kwamba yafukuzwe yote, hata kama ni usiku huu. Mwingine, mama yetu ambaye tunajua anawasha jiko la chapati saa kumi alfajiri, alimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao sehemu zake hatuwezi kuzirudia hapa. Kamati ya Tawi imekaa juu ya jambo hili, na haya ndiyo tuliyoyaona. Tunaomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Kitai haijawa njia panda jana. Njia moja inatoka Songea, ya pili inaendelea Mbinga na kushuka Mbamba Bay, ya tatu inakatia Ruanda na kutokea ziwani Lituhi. Wazee wanakumbuka wakati gari la kukata kona hapo lilikuwa habari ya siku: basi la Lituhi, dagaa na mbasa kwenye matenga, mahindi ya msimu. Mwaka 2011 uchimbaji wa makaa ukaanza Ngaka, kule Ntunduwaro kata ya Ruanda. Mwaka 2016 Serikali ikazuia makaa kutoka nje ya nchi, viwanda vya saruji vikageukia huku kwetu. Halafu ikaja vita ya Ukraine mwaka 2022, bei ya makaa ikapanda duniani kote, na meli za kwenda ng'ambo zikawa zinapakia makaa ya Ruvuma bandarini Mtwara. Vita ya watu wa mbali, foleni ikawa mbele ya nyumba zetu. Na bandari ya Mbamba Bay nayo inajengwa. Anayesubiri magari yapungue, asubiri akiwa amekaa kwenye kiti kizuri.

Tuseme ukweli wote, si nusu. Malori haya yamelisha watu. Anayeziba pancha, anayeuza vocha na kutoa pesa kwa simu, mwenye gesti ya vyumba sita, kijana wa bodaboda, mama lishe: wote hao wanaishi kwa dereva anayeshuka na njaa. Kuna wanafunzi wa sekondari ambao ada za hosteli na sare zao zimetoka kwenye sufuria za njia panda. Mtu akisema "yafukuzwe" huku yeye ana mshahara wa mwisho wa mwezi, hajamtendea haki jirani yake.

Lakini mama wa chapati naye asituambie kwamba hakuna tatizo. Kila asubuhi watoto wetu wanaamka gizani kwenda shule. Kando ya lami walipokuwa wanapita pamezibwa na matrela pande zote mbili, kwa hiyo wanatembea juu ya lami yenyewe. Gari linalotoka Songea halimwoni mtoto mpaka amechomoza mbele ya lori lililosimama. Mwandishi wa tamko hili ameshuhudia kwa macho yake mtoto wa darasa la kwanza au la pili akirudi nyuma hatua mbili, daftari likabaki barabarani. Basi lilikwisha pita. Mtoto alingoja, akaokota daftari lake, akaendelea na safari kama jambo la kawaida. Hicho ndicho kilichotutisha: kwake lilikuwa jambo la kawaida.

Vumbi jeusi kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye mahindi yaliyo juani mnalijua, hatuna haja ya kuwasimulia. Mzigo usiofunikwa turubai vizuri tunauona kwenye majani ya migomba. Na madereva na utingo hawana choo. Mtu aliyelala kwenye gari siku mbili akisubiri zamu atakwenda wapi? Anakwenda nyuma ya nyumba ya mtu, na mvua zikianza sote tunajua maji yanatiririkia wapi.

La wasichana tutalisema kwa ufupi na bila kuzunguka. Anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na sheria hiyo haiangalii kama ni dereva mgeni au ni kijana wetu wa kijiweni. Wazazi wanaomalizana kimya kimya kwa mbuzi na kitenge, hata kama ni wanachama wa tawi hili, wasije kwetu kuomba ushauri wa namna ya kuficha.

Sasa, nani mwenye uwezo wa kufanya nini? Hapa ndipo watu wengi kwenye kundi wanapotupiana maneno bure. Barabara si ya kijiji. Iko chini ya TANROADS, na hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya lami. Ndani ya eneo hilo Serikali ya Kijiji haiwezi kumfukuza dereva, na pia haiwezi kumpa mtu kibali cha kibanda. Wenye vibanda karibu na lami mnajua hilo. Alama ya X nyekundu mkiipata siku moja msishangae, na msimlaumu Mwenyekiti wa Kijiji. Mwendo kasi ni kazi ya askari wa usalama barabarani: eneo la makazi ni kilomita 50 kwa saa, na hakuna anayeufuata.

Lakini nje ya zile mita 30 ardhi ni ya kijiji. Na hapo, ndugu zangu, mwenye neno ni sisi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inakataza Halmashauri ya Kijiji kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, si wa wajumbe peke yao, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo msimamo wa Tawi ni huu. Malori yapate maegesho nje ya barabara, kwenye ardhi ya kijiji, mbali na njia ya watoto. Pawe na choo, maji na taa. Gari linaloingia lilipe ushuru kwa sheria ndogo ya kijiji, itakayojadiliwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya, na risiti itolewe. Mama lishe walioko njia panda leo wapewe nafasi za kwanza, kabla ya mtu yeyote kutoka mjini kuja na kontena lake la kupaka rangi. Mama wa chapati hatapoteza mteja hata mmoja. Mteja atakuwa amekaa kwenye benchi badala ya kula amesimama kati ya matairi.

Tunajua swali litakalofuata: fedha za kujenga? Mlango wa kwanza ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2. Kikundi kilichosajiliwa cha mama lishe kinaweza kuomba kwa ajili ya vibanda na majiko. Mlango wa pili ni wenye migodi wenyewe. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii na akubaliane na halmashauri. Watu wa Ruanda, waliko wachimbaji, wana haki ya kuwa wa kwanza, hatubishani nao. Lakini makaa hayaruki angani kwenda Mtwara. Yanapita hapa. Kijiji kisichopeleka ombi lake kwa maandishi, lenye muhtasari wa mkutano na mahudhurio, kitasikia kwenye redio kwamba wenzake wamejengewa.

Jambo linalotukosesha usingizi kidogo ni kwamba si sisi peke yetu tunaofikiria maegesho. Kuna watu wanazunguka wakiulizia mashamba ya karibu na lami, hawasemi ni ya kazi gani, na wanapenda kuongea na mtu mmoja mmoja jioni. Anayeuza shamba lake ana sababu zake. Lakini eneo la wazi la kijiji si shamba la mtu, na lisije likagawiwa kwa muhtasari uliosainiwa na watu wasiokuwapo. Hatumtuhumu yeyote. Tunataka tu tuwepo siku linapozungumzwa.

Na hapa tujiseme wenyewe. Mkutano Mkuu uliopita tulijihesabu: wanachama wa tawi letu waliofika walikuwa 11, na wawili waliondoka kabla mapato na matumizi hayajasomwa. Kundi hili la simu lina watu zaidi ya mia. Usiku huo huo wa mkutano, watu wasiofika waliandika humu wakiuliza fedha za kijiji zinakwenda wapi. Zilisomwa, ndugu. Mlikuwa mnaangalia mpira.

Mkutano ujao tunataka wanachama wote wa mashina yote. Nendeni bila fulana za chama na bila nyimbo. Huo si mkutano wa hadhara. Ni mkutano wa kijiji, na mwenzako wa chama kingine ambaye mtoto wake anavuka barabara ileile ni wa upande wako siku hiyo. Mkimzomea, tutawajua. Ajenda ya maegesho Katibu ataipeleka kwa maandishi kwa Mtendaji wa Kijiji wiki hii, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa itawekwa humu ili mtu asiseme haikufika.

Kuhusu watoto hatusubiri mkutano. Kuanzia Jumatatu kila shina litatoa watu wawili kwa zamu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja na nusu, na tena jioni shule zikifungwa. Hatusimamishi magari, hiyo ni kazi ya askari na hatutaki ugomvi na dereva. Tunakusanya watoto upande mmoja, tunawavusha kwa pamoja, tunawapitisha mbele ya matrela ili waonekane. Tumezungumza na baadhi ya madereva wanaolala hapa mara kwa mara, na wawili wamekubali kuacha nafasi ya hatua kumi kati ya gari na gari upande wa shule. Ni wawili tu, lakini mmoja wao alisema naye ana mtoto wa darasa la pili huko kwao. Mama lishe, ninyi mnawajua madereva kwa majina. Mnapompa sahani ya ubwabwa, mwambieni asogeze gari. Atawasikiliza ninyi kuliko Katibu.

Wenyeviti wa mashina walete majina ya zamu kabla ya Jumamosi jioni. Mwenye tochi yenye nguvu au koti la kung'aa la bodaboda aliazime, litarudishwa. Zamu ya Jumatatu asubuhi ni ya Katibu na Mwenyekiti wa Tawi, tutakutana kwenye kona ya kwenda Lituhi.

Imetolewa na Katibu Mwenezi kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Kitai. Mfikishie na mwanachama asiye na simu ya intaneti.