Gati la Watalii na Haki ya Ukambani

Pale Kilindini, katika gati nambari 1, ghala kuukuu liligeuzwa kituo cha abiria wa meli kubwa za kitalii, kwa ushirikiano wa Halmashauri ya Bandari ya Kenya na shirika la TradeMark East Africa. Mwananchi wa Kitui na Makueni ana haki ya kuuliza: faida yake itamfikia kwa njia gani?

Tusidanganyane. Mtalii wa meli hulala melini na kula melini; embe la Makueni si lazima liwepo mezani pake. Hushuka asubuhi, akapelekwa Tsavo, akarejea. Anachonunua ni kinyago au kiondo, na hapo ndipo Ukambani una hoja. Mkamba si mgeni pwani. Misafara ya Kivoi wa Kitui ilipeleka pembe za ndovu Mombasa kabla ya reli kuwako, na wachongaji wana chama chao cha ushirika Changamwe, si mbali na gati lenyewe. Msusi wa kiondo, maskini, humuuzia mchuuzi, naye humuuzia mwingine. Serikali za kaunti hizi mbili na zidai vibanda kituoni kwa ajili ya vyama vya wasusi, kabla wenye maduka ya mjini hawajavitwaa vyote.