Pori Si Nchi Tupu

Ndugu mkulima, wako watu waitao pori "nchi tupu" ingojayo shoka. Neno hili si kweli, nalo limekwisha kutuletea hasara.

Litazame vema. Dodoma mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Kwa hiyo mgunga una majani madogo sana usipoteze maji, na mbuyu huyaweka shinani mwake. Huko Itigi vichaka husongamana hata mtu hapiti, navyo hupukutisha majani wakati wa ukavu. Ukizidi kwenda magharibi mvua huongezeka, nawe wakuta miombo. Basi miti hukuarifu habari za mvua na udongo kabla hujapanda mbegu.

Asiyeisoma hujuta. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kung'oa pori wapande karanga. Kiangazi udongo ukawa mgumu kama tofali, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Lakini huko Kondoa, mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 katika nchi iliyoliwa na makorongo, wafugaji walipata taabu, ila majani na miti vilirudi.

Utauliza, "Tutakula nini?" Sikukatazi kulima. Visiki vingi vya shambani mwako vingali hai: chagua machipukizi machache yaliyonyooka, ukate mengine, uzuie mbuzi.

Tena, kabla hujainua shoka, zunguka pori pamoja na mzee ajuaye majina ya miti. Ndipo ukate kwa akili.