Usiache Chuo Kimya Kimya



Unamjua huyu. Kila mtaa unaye, iwe ni Majengo, Malindi, Lamu, Garissa au Eastleigh. Barua ya chuo ilipokuja nyumba nzima ilipiga vigelegele, na wazee wakachanga nauli. Mwaka wa pili akarudi na begi lake. Ukimuuliza anakwambia, "Niko likizo." Likizo ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Leo yuko kwenye boda, na mamake bado huwaambia watu kuwa mwanawe yuko chuo.

Hakuacha kwa kukosa akili. Mara nyingi ni jambo dogo lililoachwa likakua. Alifeli yuniti mbili akaona haya kuuliza. Au karo ilichelewa, akazuiwa kuingia kwenye mtihani, akanyamaza. Au aliugua wiki ya mitihani na hakumwandikia mtu yeyote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na chuoni ufa huzibwa ofisini, kwa barua, tena mapema.

Kwanza tuelewane: msaada wa masomo si sadaka. Chukua karatasi yako ya karo uisome. Mbali na pesa za masomo, utaona kuna ya maktaba, ya mtihani, ya matibabu na ya shughuli za wanafunzi. Umeshalipia, au umelipiwa. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya elimu. Kwa hivyo ukibisha mlango wa ofisi, usibishe kama mtu anayeomba.

Sasa, milango yenyewe ni ipi?

Ukilemewa na masomo, anza kwa mhadhiri wa yuniti hiyo, kisha mshauri wako wa masomo au mwenyekiti wa idara. Wengi wetu tunamaliza miaka minne bila kujua mshauri wetu ni nani. Muulize karani wa idara, ni swali la dakika moja. Maktaba nayo si mahali pa kuchaji simu tu. Wakutubi wapo wa kukufundisha kutafuta majarida na vitabu vya mtandaoni ambavyo chuo kimelipia, na vyuo vingi hukuruhusu kuvisoma ukiwa nyumbani.

Ukiwa na jambo la moyoni, msiba, mkazo wa nyumbani au usiku usio na usingizi, nenda kwa mkuu wa wanafunzi uulizie mshauri nasaha. Huduma hiyo kwa kawaida ni ya bure na ya siri. Dada yangu, kama huna raha kuongea na mwanamume, sema unataka mshauri wa kike, au nenda na mwenzako. Na kwako unayeishi na ulemavu, kifungu cha 54 kinakupa haki ya kupata vifaa na kufika katika taasisi za elimu. Muda wa ziada katika mtihani au karatasi ya maandishi makubwa si upendeleo. Uombe muhula unapoanza, usingoje wiki ya mtihani.

Jua pia tofauti hii, maana imewaangusha wengi. Sapu ni ya aliyefanya mtihani akafeli, na katika vyuo vingi ukipita unaandikiwa alama ya chini kabisa ya kupita, hata ukifanya vizuri vipi. Mtihani maalum ni wa aliyekosa kwa sababu ya kweli, kama ugonjwa au kufiwa, na hapo unapata alama zako zote. Kinachotenganisha hayo mawili ni barua na karatasi ya hospitali zilizofika idarani kwa wakati. Vivyo hivyo kuahirisha masomo. Aliyeandika barua akapewa kibali, nafasi yake inamsubiri. Aliyetoweka anaweza kufutwa katika orodha. Wote wawili wako nyumbani, lakini ni mmoja tu aliye na pa kurudi.

Kuhusu pesa: mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unawapanga wanafunzi kwa bendi kulingana na hali ya nyumbani. Ukiwekwa bendi isiyofanana na hali yenu, usilie WhatsApp peke yake. Fuata njia ya rufaa, na uambatanishe ushahidi. Kuna pia basari za NG-CDF na za kaunti, na fomu zake huwa na siku ya mwisho. Wako vijana wetu wanaokimbia fomu zote kwa kuchelea riba ya mkopo. Hofu hiyo tunaiheshimu, lakini ufadhili na basari si mkopo. Soma fomu mpaka mwisho, muulize mwenye elimu ya dini, ndipo uamue.

Halafu kuna donda la alama kupotea. Umefanya mtihani, umetia saini, lakini matokeo yanaonyesha pengo, na mahafali yanapita bila jina lako. Hapa usizunguke kwa mdomo. Andika barua kwa idara, weka nakala, hakikisha ile yako imepigwa muhuri siku uliyoipeleka. Wasipojibu, panda kwa mkuu wa kitivo, kisha kwa msajili wa masomo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kutendewa kwa usawa na kwa haraka, na kupewa sababu kwa maandishi ukiumizwa na uamuzi. Wakikaa kimya bado, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile maarufu kama Ombudsman. Hulipi chochote. Tunza kadi ya mtihani na rekodi za CAT zako mpaka siku unayovaa joho.

Na mtihani ukipangwa saa ya swala ya Ijumaa? Ratiba ya muda ikitoka tu, andikeni pamoja kupitia mwakilishi wa darasa, mpendekeze saa nyingine. Kifungu cha 32 kinalinda ibada. Kulalamika asubuhi ya mtihani kumechelewa.

Hatusemi vyuo havina makosa. Washauri ni wachache, ofisi nyingine hufungwa mchana kutwa, na mwanafunzi mgeni huelezwa yote haya siku moja, akiwa bado anatafuta chumba. Hilo tutaendelea kulidai. Lakini huduma isiyotumiwa ndiyo rahisi kukatwa, na malalamiko yasiyoandikwa ni kama hayakuwahi kuwepo.

Kwa hivyo wiki hii fanya mambo mawili. Mjue mshauri wako kwa jina na mlango wake. Kisha mpigie yule rafiki "aliye likizo". Usimhubirie. Muulize tu kama aliwahi kuandika barua, na kama hakuandika, ketini muiandike pamoja. Huenda mlango haujafungwa bado.