Jaribio Lije Mapema

Katika shule nyingi za sekondari za Kenya, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne hufanywa muhula wa pili ukielekea kwisha. Karatasi husahihishwa, na aghalabu wanafunzi huzipokea muhula wa tatu ufunguliwapo, nao ndio muhula mfupi kuliko yote. Oktoba ifikapo, mitihani ya vitendo ya Cheti cha Elimu ya Sekondari huwa inabisha mlangoni, na Novemba huja na karatasi za kuandika. Desturi hii imezoeleka hata hapana aulizaye maana yake. Mimi nauliza, na jawabu langu ni kwamba inawadhulumu wanafunzi: huwaonyesha ugonjwa wao wakati dawa haina tena nafasi ya kufanya kazi.

Hebu tutazame jaribio ni kitu gani. Mtihani wa mwisho ni hukumu. Jaribio ni uchunguzi. Hakimu hutazama yaliyopita, tabibu hutazama yajayo. Tabibu ampimaye mgonjwa siku ya mazishi hakumsaidia mtu, hata kama vipimo vyake ni sahihi. Basi wakati wa jaribio si jambo dogo la ratiba. Jaribio lisiloacha muda wa kusahihisha makosa si jaribio. Ni hukumu iliyotangulia hukumu.

Nilipata kumfundisha Hisabati msichana mmoja mwenye bidii. Karatasi ya Hisabati ina sehemu mbili: ya kwanza ina maswali 16 yenye jumla ya alama 50, ya pili ina maswali 8, na mtahiniwa huchagua 5, kila moja alama 10. Muda wake ni saa mbili na nusu. Katika jaribio la mwezi wa Julai, msichana huyu aliyajibu maswali yote 16 kwa uangalifu mkubwa, akifuta na kuandika upya, hata muda ukamwishia akiwa amegusa maswali mawili tu ya sehemu ya pili. Hakukosa maarifa, alikosa mwendo. Alipoipokea karatasi yake mwezi wa Septemba aliniambia, "Mwalimu, kumbe hesabu nazijua, nisichokijua ni saa." Neno lile lilinichoma, maana kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu sisi walimu, tuliomwacha miaka mitatu bila kumkalisha mbele ya karatasi nzima na saa ya ukutani. Mazoea ya miaka mitatu hayavunjwi kwa majuma machache. Novemba kosa likajirudia, na masomo ya uhandisi aliyoyatamani yakampita.

Wako wasemao kwamba jaribio haliwezi kufanywa mapema kwa sababu mafunzo ya kidato cha nne hayajakwisha. Hoja hii haina miguu. Mwanafunzi aingiapo kidato cha nne amekwisha kusoma madarasa matatu, na sehemu kubwa ya atakayoulizwa imo humo. Atungiwe karatasi ya yale aliyofundishwa, kwa umbo lile lile na muda ule ule wa mtihani wa mwisho. Nani alisema fundi hapimi ukuta mpaka paa liezekwe?

Wengine husema kwamba matokeo mabaya ya mwanzo wa mwaka yatawavunja watoto moyo. Nami nasema, kimvunjacho mtoto moyo ni kubandikwa jina lake ukutani, wa mwisho katika orodha, mbele ya macho ya shule nzima. Hatusemi jaribio lije mapema ili aibu nayo ije mapema. Karatasi ni siri ya mwanafunzi na mwalimu wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi kwa kuuchekelea.

Tena wako wapitao kiasi upande wa pili, wawapao watoto mtihani mkubwa baada ya mtihani mkubwa, wiki baada ya wiki. Hao ni kama mkulima afukuaye mbegu kila asubuhi atazame kama imeota. Mwaka 2008 shule nyingi za sekondari nchini zilikumbwa na migomo, na hofu ya mitihani ya majaribio ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Siitetei migomo hata kidogo; lakini kilio kile hakikustahili kupuuzwa.

Wala si kweli kwamba kujipima ni kupoteza wakati wa kusoma. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa habari za uchunguzi walioufanya kwa wanafunzi wa chuo. Baadhi walisoma kifungu cha maneno kisha wakakisoma tena. Wengine walikisoma kisha wakajipima kwa kukikumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walitangulia. Baada ya juma moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Yaani faida ya kujipima huonekana siku zinapopita, na asiyejiachia siku huikosa.

Basi nashauri hivi. Jaribio la kwanza lifanywe mwanzoni mwa kidato cha nne, juu ya mafunzo ya madarasa matatu. La pili lifanywe muhula wa pili unapoanza, na karatasi zirudishwe kabla ya majuma mawili kupita, kila kosa likiwa na maelezo yake. Baada ya hapo watoto waachwe wasome na walale.

Nanyi vijana, msiwangoje walimu wakubaliane. Aliye kidato cha tatu achukue karatasi ya mwaka uliopita, aweke saa mezani, afunge vitabu, aandike mpaka muda wishe, kisha ampelekee mwalimu wake. Atakayoyaona yatamwuma. Lakini maumivu hayo ya kidato cha tatu yana mwaka mzima wa kupona, na ya Septemba ya kidato cha nne hayana.