Hofu Isitufunge Vinywa



Wapendwa waamini, kila mwaka ifikapo tarehe 24 Juni Mama Kanisa huadhimisha Sherehe ya Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji. Sisi wa Dodoma tuna sababu ya pili ya kuikumbuka tarehe hiyo. Asubuhi ya Jumatatu, 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 1,200 ilikuwa ikipanda mlima karibu na Msagali ilipopata hitilafu ya breki. Ikaanza kurudi nyuma, ikazidi kushika kasi kwenye mteremko, na karibu na Igandu ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Chumba cha maiti kilielemewa. Wapo marehemu ambao hawakutambuliwa, wakazikwa hapa Dodoma katika ardhi isiyokuwa ya baba zao.

Leo tunapanda treni ya umeme iliyoanza kuwaleta abiria Dodoma mwaka 2024, na vijana wetu wengi hawana habari ya Igandu. Lakini sisi tuliokuwa na umri wa kuelewa mwaka ule tunajua hofu iliyoingia majumbani. Tunajua pia kwamba siku ile wapo waliokimbilia mabehewa yaliyopondeka huku wengine wakiyakimbia. Wakawatoa majeruhi kwa mikono mitupu, na mjini watu wakatoa damu yao kwa ajili ya wasiowajua. Je, hao hawakuogopa? Bila shaka waliogopa. Mikono inayotetemeka nayo huweza kumvuta mtu kutoka katika vyuma.

Tuanzie hapo basi, kwa sababu wengi wetu tunajilaumu bure. Tunadhani kwamba Mkristo mwenye imani thabiti haogopi kitu. Injili haisemi hivyo. Katika bustani ya Getsemane Bwana wetu mwenyewe alifadhaika na kuhuzunika hata jasho lake likawa kama matone ya damu. Aliogopa, wala hakutenda dhambi. Kuogopa si dhambi. Swali ni hili: hofu ikishaingia ndani yetu, nani anakaa kitini na kutoa amri, yeye au Kristo?

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Hatuwezi kuidharau hekima hiyo. Wazazi wengi wamewaokoa watoto wao kwa kuwaambia watulie nyumbani siku ya hatari, na busara nayo ni fadhila. Lakini methali hiyo ikifanywa sheria ya maisha yote, nani atakwenda Igandu? Nani atamuuguza mgonjwa wa maradhi yanayotisha? Nani atashuhudia mahakamani kwa ajili ya mjane anayenyang'anywa shamba? Nyumba ya mwoga ina kicheko, lakini mara nyingi kicheko hicho hulipiwa na machozi ya jirani.

Turudi kwa Sherehe ya Juni 24. Mwinjili Luka anaanza habari ya Yohane kwa kumwonyesha mtu aliyeogopa. Mzee Zakaria yuko hekaluni akifukiza uvumba, malaika anamtokea, hofu inamshika. Anaambiwa asiogope, anaahidiwa mtoto, naye anashindwa kusadiki. Matokeo yake ni kwamba anakuwa bubu hadi ahadi itimie. Siku ya kumpa mtoto jina, ndugu na majirani wanataka aitwe kama baba yake, kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi. Zakaria anaomba kibao, anaandika jina ambalo Mungu alilitaja, na papo hapo ulimi wake unafunguliwa. Tazameni mpangilio huo: utii ulitangulia, sauti ikafuata. Hakungoja kwanza ajisikie jasiri. Alitenda jambo moja dogo la kweli, na mengine Mungu akayafanya.

Na alipofunguliwa kinywa aliimba utenzi ambao Kanisa linausali kila siku katika Masifu ya Asubuhi. Ndani yake tunamwomba Mungu atuokoe ili tumtumikie pasipo hofu, katika utakatifu na haki. Tuyazingatie maneno hayo mawili. Hatuombi ujasiri ili tuwatishe wengine, wala ili tusifiwe. Mtoto yule alipokua alimwambia Herode ukweli kuhusu ndoa yake, akakatwa kichwa. Hakubeba upanga wala hakumtukana mfalme. Alisema lisilo halali kuwa si halali.

Wapendwa, hatuwezi kuandika juu ya hofu kana kwamba mambo yote yaliishia mwaka 2002. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, nchi yetu ilipatwa na machafuko ambayo kizazi chetu hakikuyazoea. Watu waliuawa. Intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na jijini Dar es Salaam watu wakazuiwa kutoka nje usiku. Maaskofu wetu walilaani mauaji hayo. Tangu wakati huo tumeona namna mpya ya ububu. Watu wanashusha sauti wakizungumza na ndugu zao. Mtu anaulizwa habari, anatazama kando kwanza, ndipo anajibu kwamba yeye hajui kitu. Hata katika sala zetu tunapima maneno.

Hatumhukumu anayenyamaza. Zakaria naye alikuwa bubu kwa miezi, na Mungu hakumwacha. Lakini ububu usiwe makao yetu ya kudumu. Wala tusiruke kutoka katika hofu na kuangukia chuki, kwa maana kisasi ni hofu iliyoshika silaha. Tuombe kibao kama Zakaria, tuandike angalau neno moja la kweli. Kuna aliyefiwa anayeogopwa na majirani? Jumuiya Ndogo Ndogo iende ikasali naye, tena mchana, mlango ukiwa wazi. Kuna jina la marehemu ambalo halitajwi? Litajwe katika nia za Misa. Kuna uvumi unaowapaka matope wasiokuwepo? Mmoja wetu aseme kwa upole kwamba hana hakika nao. Damu waliyoitoa watu mwaka 2002 haikuandikwa dini wala chama. Na huruma yetu iwe hivyo hivyo.

Mkulima wa nyanda hizi kavu anaifahamu elimu hii kuliko sisi tunaoandika. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na mara nyingine hukatika Januari, mtama ukiwa haujafika magotini. Hata hivyo mwaka unaofuata anachukua mbegu ambayo watoto wangeweza kuila, anaifukia ardhini. Anaogopa njaa, na ndiyo sababu anapanda. Imani yetu nayo ni hivyo: kumkabidhi Mungu kile ambacho hofu inatuambia tukifiche.

Mtakatifu Yohane Mbatizaji, utuombee. Bwana awape pumziko la milele marehemu wa Igandu na wote waliouawa mwaka 2025, na sisi tuliobaki atufungue vinywa. Amina.