Joto la oili likipuuzwa, mgonjwa wa Nchelenge ndiye anayelipa

WILAYA ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, iko ukingoni mwa Ziwa Mweru, mkabala na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kutoka huko hadi Mansa, makao makuu ya mkoa wa Luapula, ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Wakazi wa visiwa vya Kilwa na Chisenga huanza kwanza na boti ndipo waifikie hiyo barabara.

Kwa watu wa maeneo ya namna hii, ndege ndogo si anasa. Ndiyo maana Zambia imekuwa na huduma ya madaktari wa anga yenye makao yake Ndola tangu miaka ya 1960, na ndiyo maana AMREF ilianzishwa Nairobi mwaka 1957 ikiwa na wazo hilo hilo la kumfuata mgonjwa kwa ndege kule ambako gari halifiki kwa wakati.

Tunapozungumzia huduma hizi, mjadala huishia kwenye idadi ya madaktari na bei ya mafuta. Ni nadra kusikia mtu akiuliza hali ya injini. Hata hivyo, kuna geji moja ndogo mbele ya rubani ambayo ikipuuzwa, madaktari na mafuta havitasaidia kitu. Hiyo ni geji ya joto la oili.

Ziwa Mweru liko mita 917 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto hupanda. Likifika nyuzi 33, hewa ya ukingoni mwa ziwa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hujiona kama iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Injini hupungukiwa nguvu, ndege huchukua muda mrefu kupanda, na hewa inayotakiwa kuipoza injini yenyewe ni ya moto na haba.

Injini nyingi za Lycoming na Continental, ambazo hufungwa kwenye ndege ndogo aina ya Cessna, hazina rejeta ya maji kama gari. Hupozwa na upepo na oili. Oili hulainisha vyuma, lakini pia hubeba joto kutoka ndani ya injini na kulipeleka kwenye rejeta yake ndogo. Kwa injini nyingi za Lycoming, kikomo ni nyuzi 118 hivi, na hali nzuri ya safari ni kati ya nyuzi 80 na 95. Ikizidi kikomo, oili huwa nyepesi kama maji, shinikizo lake hushuka, na vyuma huanza kusagana.

Fundi afanye nini geji inapopanda? Makosa ya kawaida ni kukimbilia kununua kifaa cha bei kubwa, yaani rejeta mpya ya oili, kisha tatizo likabaki pale pale. Njia ya busara ni kuanza na vitu rahisi.

Kwanza, je, geji inasema kweli? Kihisio chake hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka na kusomwa. Lakini fundi akumbuke kwamba Nchelenge maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Asiyejua hilo anaweza kulaumu geji nzima.

Pili, kuna kiasi na aina ya oili. Oili ikipungua, ile iliyobaki huzunguka mara nyingi zaidi bila nafasi ya kupoa. Tatu, rejeta itazamwe kwa nje. Viwanja vya udongo huijaza vumbi, mbegu za majani na wadudu. Nne, zikaguliwe bati na mipira inayoelekeza upepo kwenye silinda na rejeta. Mpira uliochanika ni kitu cha bei ndogo, lakini hewa hupita kwenye ufa huo badala ya kupoza injini.

Tano ni thamostati. Oili ikiwa baridi, kilango chake huiruhusu ipite bila kuingia kwenye rejeta. Ikifika nyuzi 85 hivi, kilango hufunga na oili yote hulazimika kupitia huko. Kilango kisipofunga sawasawa, oili ya moto huikwepa rejeta na kurudi kwenye injini kama ilivyo. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo itazamwe injini yenyewe: ringi za pistoni zilizolika hupitisha gesi ya moto hadi kwenye oili, na moto wa plagi ukipigwa kabla ya wakati wake huongeza joto.

Rubani naye ana sehemu yake. Geji ikipanda wakati wa kupaa, ashushe pua ya ndege kidogo ili kasi na upepo viongezeke, apunguze nguvu, na asibanie petroli kwa nia ya kuokoa fedha. Safari zipangwe asubuhi. Joto likipanda huku shinikizo la oili likishuka, hapo hakuna mjadala tena. Atafute mahali pa kutua.

Lakini atatua wapi? Ziwa Mweru lina upana wa karibu kilomita 50. Ndege ya injini moja iliyo mita 1,000 juu ya maji, injini ikizimika, huteleza kilomita tisa hivi. Aliye katikati ya ziwa hafiki nchi kavu. Uamuzi ulitakiwa kufanywa kabla ya kuruka.

Wazambia wanalijua somo hili kwa uchungu kuliko wengi wetu. Usiku wa Aprili 27, 1993, ndege ya jeshi aina ya Buffalo iliyobeba timu yao ya taifa ya soka ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon, na watu wote 30 waliokuwamo walikufa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2003 ilieleza kwamba injini moja ilishika moto na rubani akazima ile nzima, huku uchovu na taa mbovu ya tahadhari vikitajwa. Ilieleza pia kwamba kabla ya safari zilionekana dalili za kasoro, zikiwamo chembe za kaboni kwenye chujio za oili na alama za joto. Ile ilikuwa ndege kubwa yenye injini za aina nyingine, lakini somo ni lile lile: oili ilisema mapema.

Swali la kujiuliza ni kwa nini dalili kama hizo hupuuzwa. Si kwa ujinga. Ni kwa sababu mgonjwa yupo machela, ndugu zake wanalia, spea iko mbali, na mwenye bajeti anahesabu idadi ya safari. Katika hali hiyo, rubani anayekataa kuruka huonekana katili.

Kwa hiyo dawa haimo mikononi mwa fundi peke yake. Serikali na mashirika yanayogharimia ndege hizi yatenge fungu la matengenezo lisiloguswa hata mafuta yakipanda bei. Joto la oili liandikwe kila safari, maana geji inayopanda nyuzi mbili kila wiki hutoa taarifa mwezi mzima kabla ya balaa. Na rubani anayesema leo hatuendi alindwe na utaratibu ulioandikwa, asibaki kutegemea huruma ya bosi.

Hapa kwetu Tanzania, ndege za namna hiyo hiyo huruka kwenda Mafia na kwenye viwanja vya vumbi vya mbugani, zikikabiliwa na joto lile lile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye injini ya ndege, ufa huo unaweza kuwa kipande cha mpira kilichochanika, na ukuta wenyewe huenda usipatikane tena wa kuujenga.