Charu na mume asiyemwona

Ukimuuliza jirani, atakwambia Charu ameolewa pazuri. Nyumba kubwa, watumishi, mume mpole asiyelewa wala kuinua mkono. Ndiyo ndoa iliyomo katika filamu ya Charulata, aliyoiongoza Satyajit Ray mwaka 1964 kutokana na hadithi ya Rabindranath Tagore. Anayetafuta ngumi na dansi za filamu za Kihindi amekosea mlango. Hii ni ya Kibengali, picha nyeusi na nyeupe, na mwendo wake ni wa polepole.

Ni Calcutta, karibu na mwaka 1880. Mume, Bhupati, ana mali ya kurithi na ameitumbukiza katika gazeti la siasa. Mtambo wa kuchapia umo humo humo nyumbani. Mchana Charu anadarizi hanchifu ya mumewe, anaiweka chini, anashika kitabu, kisha anachukua darubini ndogo na kuhama dirisha hadi dirisha akitazama wapita njia. Mara Bhupati anapita ukumbini akisoma. Anampita mkewe hatua chache tu, wala hamwoni. Charu anainua darubini ileile na kumtazama mgongo. Hakuna neno lililosemwa, lakini ndoa yote imeshaelezwa.

Bhupati si mtu mbaya, na hapo ndipo penye ugumu. Anatambua kuwa mkewe ni mpweke. Anafanya nini? Anamwita shemeji yake, Umapada, asimamie fedha za gazeti, aje na mkewe Manda apate kuwa mwenzi wa Charu. Wifi huyo anapenda karata. Charu anapenda vitabu. Anapofika Amal, binamu yake Bhupati, kijana mpenzi wa mashairi, naye anaombwa amtie Charu moyo aandike. Kazi ya kukaa na mke wamegawiwa wote nyumbani isipokuwa mume.

Yanayofuata hayahitaji mpiga ramli. Bustanini Charu yuko kwenye pembea, Amal yuko mkekani akiandika, na moyo unaanza kwenda. Watazamaji wengi humlaumu shemeji, lakini pengo lilikuwapo kabla mgeni hajatua mzigo. Tena Charu anaandika kweli: makala juu ya kijiji alichokulia, na jarida linaichapisha. Wa kwanza kuonyeshwa si mume, mwenye gazeti lake.

Baadaye Umapada anatoroka na fedha, gazeti linafungwa, Amal anaondoka bila kuaga. Siku barua yake inapofika, Charu analia kwa sauti, na Bhupati anashuhudia. Anatoka, anazunguka mjini kwa gari la farasi, anarudi usiku. Charu anafungua mlango, ananyoosha mkono na kumkaribisha ndani. Naye ananyoosha wake. Kabla mikono haijagusana, picha inaganda. Mtumishi amesimama na taa mkononi.